Mtoto Akishazoea

Jumatatu, 3 Machi

Makala yangu ya zamani inaingia kitabuni! Niisahihishe, niirudishe Jumatatu ijayo. Ni ile ya watoto wanaovushwa mpaka na mzazi mmoja. Mkataba wa kimataifa unataka mtoto arudishwe upesi — ila mwaka ukipita kabla ya kesi kufunguliwa, naye ameshazoea, hakimu anaweza kumwacha alipo. Nami niliandika, kwa mbwembwe zote, kwamba aliyezoea asing'olewe. Wakati huo binti yangu alikuwa akiimba bafuni. Baadaye baba yake akaenda naye likizo kwao, ng'ambo ya mpaka. Wiki mbili tu, alisema. Wiki gani hizi zisizoisha?

Jioni nikaingia duka la viatu. Muuzaji kauliza namba. Siujui tena mguu wa mwanangu. Nikatoka.

Jumatano, 5 Machi

Wakili wangu kapiga simu. Upande wa baba mtoto umewasilisha utetezi katika kesi yangu ya kutaka mtoto arudishwe, na nguzo yao ni nini? Makala yangu! Jina, ukurasa, aya. Mkuki kwa nguruwe!

Eti mwaka umepita. Umepita kwa sababu mama mkwe alinisihi tuyamalize kinyumbani — mwanangu, aliniambia, ya ndani hayapelekwi kwa hakimu. Nikamheshimu.

Wakili anasema mlango bado upo. Niibadilishe ile aya, naye aiambie mahakama wiki ijayo kwamba mwandishi mwenyewe kaikana hoja. Kwani wasomi hawabadili mawazo kila siku?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeifuta aya. Nimeirudisha. Chai imepoa.

Namtaka mwanangu. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza Bwana Tanbihi, mwenzangu ofisini — mtu asiyeweza hata kuomba chumvi bila kutaja chanzo. Safari hii hakutaja kitabu chochote. Kaniambia kama mawazo yamebadilika, nibadilishe. Kama ni hali yangu tu iliyobadilika, hiyo si hoja.

Nimemchukia hadi saa ya chakula. Kisha kaniletea maandazi, na kumchukia kukawa kazi ngumu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua. Nafuta! Mimi ni mama kabla ya kuwa msomi. Nikaifungua makala, nikasoma aya kwa mara ya mwisho. "Hakimu asimuulize mtoto anataka kukaa wapi. Asikilize anavyolalamika. Mgeni hulalamikia mahali. Mwenyeji hulalamikia watu." Nilijiona hodari kweli.

Simu ikaita, ya video. Mwanangu! Kapendeza, kasuka nywele mtindo nisioujua. Hana muda, anasema, rafiki yake anamngoja nje. Tena ana hasira: mwalimu kamhamisha dawati, na yule msichana wa ghorofa ya juu ni mwongo, hampi zamu ya baiskeli. Analalamika hadi anakosa pumzi! Nami nacheka, machozi yananitoka, namwambia mafua.

Nikamuuliza kama ananikumbuka. Akasema kila siku, Mama. Kila siku! Kisha akashusha sauti, kama anayenipa siri.

"Mama, ukija usimwogope mbwa wa getini. Anabwekea wageni tu. Mimi ananijua."

Akanipungia mkono, akakimbia.

Aya bado iko mbele yangu, nzima. Sasa wakili anapiga, anataka jibu. Simu inaita. Inaita tena —