Vitumbua vya Wageni wa Teddy

Mama na Teddy,

Maharage yako jikoni, yaongezeni maji. Mchele nimeuloweka kwenye ndoo ya bluu. Msiumwage.

Mama, shikamoo. Naiandika hapa kwa sababu asubuhi nilipita bila kukuamkia. Tangu alfajiri nilitwanga mchele, nikakuna nazi mbili, nikageuza vitumbua kimoja kimoja kwa spoku ya baiskeli. Miezi mitatu nimejifunza, na vile vya kwanza mliwapa kuku. Leo vimekubali. Wageni wa posa kutoka Lupiro wakauliza kapika nani, ukajibu, "Si huyu Teddy wangu!" Nami nimesimama mlangoni, unga hadi kwenye nyusi.

Na wewe Teddy, mdogo wangu, ukainamisha kichwa kwa aibu ya bibi harusi, ukasema, "Karibuni tena."

*Nilitwanga nikachunga, jasho likanidondoka,*
*Sifa kapewa mjinga, aliyelala na shuka.*

Spoku nimeondoka nayo. (Mstari huo wa spoku nimeukata.) Spoku iko juu ya kabati.

Jumapili wanarudi, na mama mkwe anataka kukuona ukivipika mwenyewe. Niliwasikia, nikacheka, kisha nikaumia zaidi. Mchele wa kwenye ndoo ni wa kukufundishia leo jioni. Nipo kwa Nickolaus, fundi baiskeli. Njoo uniite. Ila kabla hujatoka, mwambie Mama kwa sauti, hata majirani wasikie, nani kapika vile vya leo.

Kaka yako,
aliyevipika