Konzi Moja ya Senene

Kishanda, Jumamosi, Novemba. Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi ukungu, na moyo wangu haukutulia.

Mvua ya namna hii ndiyo ya senene. Niliamka kabla ya jogoo, nikachukua kibuyu, nikakimbilia kwenye nyasi miguu mitupu. Nilidhani nitakuta wanawake wote wamenitangulia, wanapigana vikumbo kama zamani.

Hapakuwa na mtu.

Nyasi zenyewe kimebaki kipande tu. Kule juu Bwana Shamba ameamuru ipandwe mikaratusi, na huku chini watu wamesogeza kahawa. Nimeinama mpaka jua limetoka, umande umenilowesha hadi kiunoni, nimepata konzi moja. Konzi moja, jamani! Nilipokuwa msichana vibuyu vilijaa mpaka tukafungia nyingine kwenye nguo.

Mtu wa pwani angenicheka, mwanamke mzima analilia panzi. Hajui. Kwetu mke huokota senene, akazinyonyoa mabawa na miguu, akazikaanga, akampa mumewe. Mume akishakula lazima amjibu mkewe kwa nguo mpya, hata kama wamenuniana mwaka mzima. Hakuna mwanamume wa Kihaya anayekula senene za mkewe akanyamaza.

Mume wangu Kaiza yuko Kampala tangu mwaka juzi, na amenyamaza. Mwaka jana senene hazikuanguka kabisa. Mwaka huu nilijiapiza: zikija tu, nitamfungia, nitampa jirani anayepanda meli Bukoba. Akizila atanikumbuka, apende asipende.

Nimezikaanga kwa chumvi, zikasinyaa, hazijazi hata kiganja. Mama mkwe akachungulia chunguni.

"Waitu, mwanangu, hizi ndizo za kumpelekea mtu mzima? Atadhani unamtukana." Akanisogezea chungu. "Zile wewe."

Nilishtuka. Sisi wanawake hatuli senene. Tangu utoto tumeambiwa ukizila utazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Nikamkumbusha.

"Mtoto huyo utamzaa na nani?" akasema.

Hakusema kwa ubaya. Kaiza ni mwanawe, naye anamngoja kama mimi.

Basi nimekula. Ni tamu! Mungu wangu, ni tamu, na mafuta yake yanabaki mdomoni. Miaka yote nimenyonyoa mabawa mpaka vidole vikachubuka, sijui ninachompa mtu. Nimekula huku nalia. Mama mkwe naye akachukua moja, akaitafuna taratibu upande wenye meno, amefumba macho.

Jioni hii mvua imeanza tena. Zamani ningefurahi. Sasa najua hata ikinyesha mpaka kesho, zile nyasi haziwezi kunipa zaidi ya nilichokula.

Kaiza, zilikuwa zako. Sina kingine cha kukuitia.

Njoo tu bila kuitwa.