Pikapu ya Baba Haiwaki

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Pikapu imegoma. Starta inazunguka vizuri — betri haina lawama — lakini injini haishiki. Alhamisi niliiendesha mwenyewe, bila tatizo. Ijumaa asubuhi ikagoma. Baba mdogo anaichukua Jumamosi hii. Ndivyo kikao cha familia kilivyoamua Alhamisi ile jioni, na mimi ndimi niliyekijengea hoja: Mama haendeshi, chombo kisichotumika huoza, mantiki haina machozi. Nilishinda kwa urahisi. Mama hakusema neno. Nikauhesabu ukimya wake kuwa ridhaa.
Wiki saba tangu tumzike Baba. Bado sijalia. Nangoja tu, kama mtu angojaye chafya.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Nimesoma kitabu cha mwongozo chote, hata kurasa za redio. Injini hudai vitu vitatu: hewa, mafuta, cheche. Kichujio cha hewa nimekipuliza. Plagi zote nne nimezitoa na kuzisugua, cheche ipo. Mikono yangu inanuka kama ya Baba. Naliandika hilo kama ningeandika kwamba leo kuna mawingu.
Mama alipita na ndoo, akauliza kama nimekula. Nikamfafanulia jinsi mafuta yanavyolipuka ndani ya injini. "Haya, mwanangu. Lakini umekula?"

Jumatano, tarehe 6 Machi
Haiwaki.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nimesalimu amri: nimemwita fundi wa Baba. Alinisikiliza hadi mwisho. "Umemaliza, profesa? Sasa nyamaza, zungusha ufunguo kidogo, tusikilize." Akatega sikio kwenye tangi. Kimya. Pampu ya mafuta ilipaswa kuvuma. Fyuzi nzima. Akaiunga pampu na betri kwa waya wa pembeni — ikavuma! Kwa hiyo pampu nzima pia. Umeme ndio haufiki.
"Marehemu hakumwamini mtu na gari hili," akasema akikusanya spana zake. "Fuata waya, utafika."

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Nimeufuata. Kutoka tangini, chini ya zulia, hadi chini ya kiti cha dereva. Hapo pana swichi ndogo, kazi ya mkono wa Baba. Naujua ule utepe mweusi, kila kitu alikizungushia mara tatu. Imezimwa. Alhamisi ya wiki iliyopita gari liliwaka, maana yake swichi ilikuwa imewashwa. Jioni tukakaa kikao. Asubuhi gari halikuwaka. Hoja imejijenga yenyewe.
Mama alikuwa anapiga pasi. Nikamuuliza. Hakuinua uso.
"Baba yako alinionyesha mimi peke yangu. Alisema wakija kuichukua, izime. Hakusema wakija nani."
Nikaanza kumjibu. Akaigeuza kola.
"Siku ile ulitoa hoja tano, mwanangu. Swali hukuniuliza hata moja. Umeiwasha?"
"Bado."
"Basi. Wewe ndiye msomi."
Shati lilikuwa la Baba. Nimeliona hilo sasa hivi tu, wakati wa kuandika.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Baba mdogo amefika saa nne. "Vipi, msomi? Chuma kimekubali?"
Nilikuwa nimeketi kwenye usukani. Swichi ilikuwa shibiri moja kutoka kidoleni mwangu. Mama alisimama mlangoni, ametulia kama mtu asubiriye matokeo ya mtihani wa mwingine. Nikazungusha ufunguo. Starta ikalia, ikalia, ikachoka.
"Haiwaki."
"Tatizo nini?"
"Sijui, Baba mdogo."
Neno hilo sikumbuki kulitamka mbele ya watu.
"Miaka minne chuoni!" Alicheka hadi akajishika mbavu. "Shemeji, kumbe tulisomesha debe tupu!"
Nilikuwa na majibu matatu, yote makali. Nikayameza. Akapiga simu aletewe gari la kuvuta. Saa nane, wamesema.
Mama amekuja, amefungua mlango wa abiria, ameketi kando yangu. Mkoba mapajani, kama msafiri. Naandika nikiwa nimeegemeza daftari kwenye usukani.
Saa nane kasoro. Gari la kuvuta linakata kona. Baba mdogo anatupungia mkono tushuke. Mama hashuki.
Nami sishuki. Pua imeanza kunitekenya, kama chafya ile niliyoingoja —