Pini Mpya ya Gurudumu la Mama Aika

Mwika, Jumamosi, Mei 1981

Mvua imekatika kama saa tisa hivi. Mlima hatujauona siku ya nne sasa, ni mawingu tu juu ya migomba, na nguo zilizofuliwa Jumatano bado zina unyevu. Nyayo zangu zimechubuka na goti la kulia limevimba. Nina miaka arobaini na sita, na leo nimekimbia ambavyo sijakimbia tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Naandika kwa aibu. Nimeamua kuyaandika yote sasa, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Mke wangu, Mama Aika, ni mkunga katika zahanati ya kanisa. Ana skuta aliyoachiwa na nesi wa Kijerumani aliyerudi kwao, na huku kwetu ni yeye tu mwanamke anayeendesha. Mwanzoni wazee walitikisa vichwa. Siku hizi wakwe zao wakishikwa na uchungu, wao ndio wa kwanza kuuliza skuta iko wapi. Kila Jumamosi anashuka nayo hadi kijiji cha tambarare kuchanja watoto na kupima wajawazito. Barabara ni kona tupu na mteremko, na masika hii ina utelezi wa sabuni, ingawa sabuni yenyewe hatujaiona dukani tangu Pasaka.

Jumatano aliniambia gurudumu la nyuma linacheza. Akikata kona, alisema, skuta inataka kwenda njia yake na yeye yake. Fundi wa skuta yuko Moshi mjini, na ukimpelekea atakuambia usubiri vipuri mpaka uote mvi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini nina spana nne na kiburi cha kutosha. Nikamwambia aniachie mimi.

Jana baada ya shule nikaiinua skuta juu ya gogo, chini ya upenu wa nyumba. Nilifanya kazi nzuri, na hilo nalo naomba liandikwe. Rimu ya skuta ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Ukiufungua huo muungano kabla ya kutoa upepo, kipande kinakurukia usoni. Sikufanya kosa hilo. Nikatoa gurudumu, nikatoa na drum, lile bakuli la chuma la breki. Meno ya ndani ya drum, yale yanayoshika ekseli, yalikuwa yamelika yakabaki ufizi. Drum mpya usiulize. Nikakata ukanda mwembamba kutoka kopo tupu la mafuta ya kupikia, nikauingiza kati ya meno na ekseli kujaza nafasi, nikapaka grisi, nikarudisha kila kitu mahali pake. Nati kubwa ya katikati niliikaza kwa spana niliyoichomeka kwenye kipande cha bomba ili nipate nguvu. Nikalitikisa gurudumu. Halikucheza hata kidogo.

Ikabaki pini.

Kwa asiyejua, pini ni kijiti cha chuma chenye miguu miwili. Kinapita kwenye tundu la ekseli, mbele ya nati, kisha miguu inakunjwa mmoja huku na mmoja kule. Kazi yake ni hiyo tu, kuizuia nati isijifungue njiani. Ya zamani ilikuwa imenyooshwa na kukunjwa mara nyingi mno, na nilipoitoa, mguu mmoja ulikatika. Mama Aika alikuwa ameuona uchakavu wake wiki kadhaa mapema. Alikwenda Kiboriloni siku mbili za soko, akauliza meza kwa meza, mpaka akapata pini moja mpya ya saizi ileile. Aliniletea imefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Nikaifungua, nikaitazama. Iling'aa. Nikaona ni dhambi kuitumia.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Juu ya kabati nina kopo la akiba. Ndani yake mna wembe mpya mmoja, sindano tatu, kipande cha sabuni ya kuogea ambacho hakijawahi kuonana na maji, na betri mbili za redio nilizozitunza mpaka zikavuja. Akiba haiozi, wanasema. Zangu zilioza, na bado sikujifunza. Tangu vitu viadimike, nadhani nyumba nyingi hapa zina kizuri kilichofichwa na kibovu kinachotumika. Lakini leo siandiki habari za majirani. Mama Aika huniita mkono wa birika, nami huwa nacheka.

Nikachukua ile pini ya zamani yenye mguu mmoja, nikaipitisha tunduni, nikaizungushia waya mwembamba kuishikilia. Mpya nikaitia kwenye kopo. Nikajiambia hii itasukuma mwezi mmoja, halafu tutaona.

Jioni akaniuliza kama nimeweka ile pini mpya. Nikasema ndiyo.

Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma leo kuliko goti.

Asubuhi aliondoka saa mbili, sanduku la chanjo limefungwa nyuma yake. Aliizungusha skuta uani mara moja, akasema gurudumu limetulia, akanishukuru kwa jina la baba yangu, jambo analolifanya akiwa amefurahi kweli. Nikabaki na kikombe cha chai isiyo na sukari, najisikia fundi. Nilipokwenda kuliondoa gogo, nikaona kitu kwenye tope, hatua kumi kutoka pale, ndani ya alama ya tairi. Waya wangu. Pembeni yake ile pini ya zamani, mguu wa pili nao umekatika.

Haikufika hata barabarani.

Nilisimama nikiitazama. Nikaiona ile kona ya darajani na korongo lililo chini yake. Nikamwona yeye akiikata kona hiyo kwa kuniamini mimi. Kisha nikakimbia.

Barabara inazunguka, lakini njia ya miguu inakata moja kwa moja katikati ya vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa yaliyopakana nyumba hadi nyumba. Niliruka mfereji, malapa yakabaki kwenye tope. Nilipita nyuani kwa watu bila hodi, nikamwaga maharage ya mtu yaliyotandazwa kwenye mkeka chini ya upenu. Hatimaye nikatokea kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anakata mgomba wa kuwapa ng'ombe. Kwake hupiti bila salamu hata nyumba ikiwa inaungua. Nami, Mungu anisamehe, nilisimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwalimu mzima miguu peku, unamkimbia nani? Kwako wazima?"

Nikamwambia kwa pumzi moja. Skuta, gurudumu linachomoka, Mama Aika hajui.

Shangazi akalitupa panga. Sikujua kama mwanamke wa umri ule ana sauti ile. Akageukia bondeni, akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele, ule wa tangu zamani, wa moto au wa ng'ombe walioibwa. "Msimamisheni mkunga! Gurudumu la skuta linatoka!" Kabla hajavuta pumzi nyingine, mtu wa kihamba cha chini alikwisha kuupokea na kumrushia aliye chini yake. Nikasikia sauti ya mwanamke, kisha ya mwanamume, kisha ya mwanamke tena, kila moja mbali kuliko iliyotangulia, zinashuka mteremko kwa kasi ambayo miguu yangu haikuwa nayo.

"Umesimama nini sasa? Kimbia!" shangazi akanifokea.

Nilikimbia nyuma ya habari yangu mwenyewe. Kila nyumba niliyopita watu walikuwa nje wananionyesha kwa kidole upande wa daraja. Kila mtu alijua, ila hakuna aliyeniambia kama wamemwahi.

Walimwahi. Alikuwa amesimama njiani kwa mzazi mmoja kutazama kitovu cha mtoto, na huko kuchelewa ndiko kulikomponya. Nilimkuta hatua chache juu ya kona. Wanawake watano walikuwa wamejipanga katikati ya barabara na majembe yao, wote watano amewazalisha yeye. Mama Aika ameshuka, kofia mkononi, mzima. Mzima kabisa. Nikapiga magoti kwenye gurudumu ili watu wasiuone uso wangu, nikaigusa ile nati. Ikazunguka kwa kidole. Mzunguko mmoja na nusu tu, ikanibakia mkononi.

Nililia. Naandika kama ilivyokuwa.

Watu wakazidi kujaa, na panapojaa watu lazima apatikane mkosaji. Mzee mmoja alipoona ekseli haina pini, na kumsikia Mama Aika akisema aliinunua mpya Kiboriloni, akasema hao wauzaji wa Kiboriloni ni wezi, wanauza pini za bati. Mwingine akadakia kwamba siku ya soko atakwenda kumtafuta muuzaji huyo, amwonyeshe. "Mkunga wetu wangemuua hivihivi!" Mama Aika mwenyewe akasema taratibu kwamba aliyemuuzia alionekana mtu mwaminifu, hajui imekuwaje.

Kwangu mimi mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Naungama kwamba nilinyamaza, pumzi tatu hivi, na ndani ya hizo pumzi tatu nilikwisha kupanga kila kitu. Ningepanda nyumbani, ningeitoa pini kwenye kopo, ningesema nimeazima kwa jirani.

Njia ya mwongo ni fupi. Huwa nawaambia watoto darasani, wanaandika kwenye madaftari yao.

"Pini aliyouziwa ni nzima," nikasema. "Iko nyumbani. Sikuifunga. Niliificha niitunze, na jana nilipoulizwa nilidanganya."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Yule mzee alitazama pembeni, na kwa mtu wa kwetu hiyo ni adhabu kuliko tusi. Mama Aika alinigeukia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kwa mzazi aliyechoka kusukuma:

"Ulikuwa unaiwekea skuta ya nani, Baba Aika?"



Nikapanda tena nyumbani kuifuata ile pini. Niliporudi, nilikuta akina mama wamemkatalia asishuke zaidi. Wamepeleka habari tambarare kwa ukelele uleule, na wenye watoto wachanga wakaanza kupanda wao. Alikuwa anachanja kwenye upenu wa nyumba ya jirani na daraja, foleni ya vichanga wanalia mmoja baada ya mwingine. Hakuniangalia. Nikakaza nati, nikapitisha pini mpya, nikaikunja miguu yake yote miwili. Alipomaliza kazi alikuja, akainama, akaipitishia kidole mwenyewe. Kisha akawasha skuta akapanda polepole, nami nikarudi kwa miguu nyuma yake, mbali.

Tangu hapo tumezungumza mambo ya lazima tu. Ng'ombe amepewa maji. Chumvi iko wapi.

Shangazi amepita hapa muda si mrefu. Hakukaa. Ameweka mezani jani la isale na kuniambia, "Mpe leo, kabla hamjala." Isale ndilo jani tunalolipanda mipakani, na kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukukatalia msamaha. Ugomvi wa mashamba, hata wa damu, umeishia kwenye jani hili. Nimewahi kuona wazee wawili wasiosalimiana miaka na miaka wakinywa mbege kwenye kata moja, kwa sababu tu mmoja alikuja nalo mkononi.

Limelala hapa mbele yangu, bichi, bado lina matone ya mvua. Nimelishika mara mbili.

Sitalipeleka. Najua nguvu yake. Nikimpa, atalipokea, kwa kuwa yeye ni mtu wa mila, na atasema yamekwisha hata kama ndani hayajaisha. Mimi nitalala usingizi, yeye atabaki macho. Itakuwa nimechukua tena kitu chake na kumfanya anishukuru. Shangazi ananitakia mema, lakini yeye hakuulizwa jana jioni akasema ndiyo bila kupepesa macho.

Nitakwenda kwake mikono mitupu. Nitamwambia kwamba sikusahau, nilijua. Kwamba niliithamini pini kuliko nilivyofikiria safari yake. Kwamba shukrani yake ya asubuhi imekaa kifuani mwangu kama mfupa. Halafu nitanyamaza, nisimsaidie kujibu.

Na akinikatalia?

Nimejiuliza hilo tangu saa tisa. Nilidhani ndilo jambo la kuogopa. Sasa hivi namsikia jikoni anapuliza moto, kuni ni mbichi, anakohoa, anazilaumu. Akikataa na akatae. Yuko hapo, ana pumzi ya kukatalia.

Naingia.