Mkwe Wangu Anafurahia Sahani Tupu, Kumbe Wanaokula ni Kuku

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaondoka, maana daktari ameacha kuniambia "utapona" na sasa ananiambia "pumzika", nami nimefundisha shuleni maisha yangu yote, najua tofauti ya maneno hayo mawili. Kifo sikiogopi sana, ninayemwogopa ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, anayenitunza kama yai, naye anafuga kuku wa mayai uani, chini ya dirisha la chumba changu, na joto lilipoanza mimi niliyekuwa mwalimu wa kilimo nilimwita nikamwambia, "Mwanangu, kuku akila jua likiwa kali, chakula kinamwongezea joto mwilini, wape alfajiri na jioni, mchana maji tu," akafuata neno kwa neno.

Tatizo ni sahani yangu. Kila mchana ananiletea wali na maharage, kipimo cha mtu anayelima, kisha anarudi kwenye cherehani yake, nami nikikitazama tu nashiba, na siku niliyokirudisha nusu niliona macho yake yalivyolengalenga machozi, basi kesho yake nikakimwaga chote dirishani, kuku wakafagia hadi punje ya mwisho, naye akaja akainua sahani akamwita jirani ng'ambo ya ukuta, "Mama Pacha, Baba kamaliza chote," jirani akajibu, "Huyo hafi leo wala kesho, mshonee na suti ya harusi," nikacheka nao. Tangu hapo namwaga kila siku, na kuku wameshanizoea, jua la utosi likifika wanatoka kivulini na kujipanga chini ya dirisha, midomo wazi, mabawa wameyaachia kama watu waliovua makoti, na sasa wanataga mayai yenye ganda laini kama karatasi, na wengine wameanza kufa.

Jana nimemsikia akimwambia mumewe, "Nimefanya yote aliyosema Baba. Basi mimi sina mkono wa mifugo, Jumamosi mnunuzi aje awachukue." Nikisema ukweli atajua siku zote hizi sijala. Nikinyamaza nitakufa nimemwachia aibu isiyo yake. Nifanyeje?

Baba Mkwe wa Dirishani

Shikamoo, Mwalimu. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikukaripie. Umempa mtoto wa watu somo zuri kwa mdomo, kisha ukalifuta kwa kijiko. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba kuku hatoi jasho, anajipoza kwa kuhema, na kuhema kukizidi ganda la yai linadhoofika. Wali wa mchana unamwashia jiko tumboni, tena ukimshibisha, jioni anakidonoadonoa tu chakula chake cha kutagia mayai. Mkweo analaumu mkono wake, na mkono ni wako.

Pole pia nakupa, kwa kuwa uongo wako ni wa mapenzi. Lakini ile sahani ndiyo anayokupimia hali yako, nawe umeichakachua.

Mwite leo, usingoje Jumamosi. Usianze na wosia, atalia bure. Mwambie tu, "Mwanangu, wewe huna kosa na kuku hawana kosa. Chakula cha mchana nawamwagia mimi." Atanuna, na ana haki ya kununa. Mwache anune, ila mnunuzi aambiwe asije.

Kisha rudi darasani. Maji ya baridi yabadilishwe mara kwa mara mchana, na chombo kikae kivulini. Chakula ni alfajiri na jua likipoa, na jioni aongeze chokaa ya kuku, maana ganda hutengenezwa usiku. Hao rafiki zako waje dirishani jioni, uwape chakula chao wenyewe kwa mkono wako. Wape muda, maganda yatakuwa magumu tena.

Nawe pia, Mwalimu, joto limekukata hamu kama lilivyowakata kuku. Omba uji mwepesi asubuhi ya mapema, kidogo tena jioni, mchana unywe kila unachoweza, na daktari aambiwe ukweli. Ukishindwa kumaliza, kibaki sahanini akione. Anayekuuguza anastahili kujua anauguza nini.