Aliyekalia Jeneza la Mnyamwezi

Mke wangu wa Bigwa, shikamoo,

Yaani bibi, leo nimekuona ukutani. Nilienda mjini kwenye maonyesho ya ule mchezo wa jukwaani, Msiba wa Mnyamwezi, uliozunguka nchi nzima. Mavazi yapo, ngoma zipo, jeneza lenyewe lipo. Na kwenye picha kubwa kuliko mlango wetu, juu ya jeneza, umekaa wewe, kanga kiunoni, ungo wa magimbi miguuni. Nikaipiga picha kwa simu, nikaikuza: pengo lile la meno ni lako tu. Chini wameandika, "Mwigizaji, jina halijulikani."

Halijulikani, bibi.

Nikamfuata dada anayesimamia, nikammwagia yote uliyonisimulia. Kwamba ulienda kuuza magimbi tu, mchezo wa kuigiza ulikuwa hujawahi kuuona. Mara watu wanalia, wanambeba Mnyamwezi wakamzike, na hakuna Mluguru hata mmoja anayewazuia, wakati sisi Waluguru ndio watani wake, na mtani ndiye huzuia maiti mpaka aombwe ruhusa. Mtani afe, azikwe kimya kimya kama hana watani? Ukapanda, ukakaa juu ya jeneza. "Hatoki mtu hapa. Mnyamwezi wangu hazikwi bila ruhusa yangu."

Watu hoi, mpaka maiti ikacheka. Wenye mchezo wakakubembeleza urudi kesho yake, ukawaambia mtu hazikwi mara mbili. Wakatafuta mwanamke mwingine, na tangu hapo, kila walipocheza, lazima mmoja atoke kwa watazamaji akalie jeneza.

Dada akashangaa. Kumbe hapo ndipo watu wanapopapenda kuliko kote, na wao walidhani ni ubunifu wa mwandishi. Nilivimba! Nikasema wageni wote wasikie kwamba huyo ni bibi yangu, mama yake mama.

Amenipa karatasi niandike maneno, wayabandike kesho. Jina lako nimeliandika lote, na ukoo juu. Nimekwama kwenye neno la mbele yake. Si unajua nilivyokuwa nikikuita msanii, unanuna: "Sikuigiza mimi. Nilikuwa msibani." Sasa nikiliacha "mwigizaji" libaki, kila mtu atakupa heshima yako, ila nitakuwa nimekusingizia. Nikiandika "mtani", wageni wa mbali watasema ulivamia tu.

Haya, lala salama mpenzi, huku mjini natembea kifua mbele. Ila kalamu bado iko mkononi. Ungekuwa wewe, ungeandika lipi?

Mjukuu wako, kitinda mimba wa binti yako