Waya Wako wa Kyuso Bado Uko Juu

Kimeu, rafiki yangu,

Nimechoka. Unajua mimi si mtu wa kusema hivyo. Mimi niliyeendesha lori mpaka Juba, nikala samaki Jinja, nikachekesha polisi wa kila mpaka, wiki hii nimehangaishwa na swali moja la muuzaji wa redio.

Ni ile redio yetu ndogo ya kuunganisha vipande mwenyewe, ya kuongea na watu wa mbali kwa moto kidogo kama wa taa ya baiskeli. Yako uliimaliza, ukaifunga huko Kyuso. Yangu ilikuwa bado kuagizwa ulipotuacha. Muuzaji alitaka nichague, na hapa Tawa sina wa kubishana naye. Wateja wanaleta simu nichaji, wanasema pole, halafu wanauliza kama imejaa.

Mambo madogo nimeyamaliza. Kasha la bati nimekubali, vumbi letu unalijua. Betri ya ndani nimekataa, nitatumia ile ya pikipiki. Maikrofoni pia... mimi na mdomo wangu huu, nimekataa maikrofoni! Nitagonga Morse tu, herufi kwa nukta na vistari. Ungecheka mpaka ukohoe. Si wewe uliniambia, "Muli, kila unachoongeza utakibeba mwenyewe"?

Kilichobaki kilikuwa masafa, yaani urefu wa mawimbi, na redio inakuja na aina moja tu. Mita ishirini zinaruka mbali, Brazili, Japani. Mita arobaini, mchana, waya wa antena ukiwa chini chini, zinatoka hapa zinaangukia kwako Kyuso. Mimi siku zote nilitaka ishirini, Wajapani walijue jina langu. Wewe ulitaka arobaini. "Brazili watakuambia nini? Hata ndengu zetu hawazijui." Na ukinipigia simu, kabla hata ya salamu, "Huko kumenyesha?" Ukisikia sisi tumepata na nyinyi bado, unauliza wingu limeelekea wapi. Halafu unafurahi kwa ajili yetu. Aki wewe.

Baada ya mazishi nikasema basi, ishirini. Kwa arobaini nitamwita nani? Nigonge jina lako, nirudishiwe mikwaruzo? Nilishaandika ujumbe, bado kutuma tu.

Ndipo Mwende, binti yako, akapiga. Nilidhani ni mambo ya shamba. Kumbe mama yake alitaka kuanika nguo kwenye ule waya wa redio uliofunga nyuma ya nyumba, Mwende akakataa usiguswe. Kumbe ulikuwa ukimfundisha, na mtihani wa leseni ya redio amepita, na hukuniambia, mchoyo wewe!

"Anko," akasema, "jina langu naweza kuligonga, lakini polepole. Baba alikuwa anaanza na mvua. Mvua inagongwaje?"

Kimeu, nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Baadaye nilimpigia, nikamtajia mvua herufi kwa herufi. Kisha nikafuta ishirini, nikatuma arobaini. Wajapani wataishi bila mimi, pole sana kwao.

Sasa pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi hili: vipande vikifika nitavilehemu bila haraka, na siku ya kwanza ya kuwasha sitagonga jina langu. Nitaiuliza Kyuso kama kumenyesha. Na mtoto akichelewa kutafuta herufi, nitangoja. Mimi, Muli, nimenyamaza, nangoja.

Rafiki yako mwenye kelele,
Muli